Panya, Setilaiti na Hizi Programu za Utafiti Mnazouziwa

Ikifika Januari hivi, mnaanza kunitumia matangazo yale yale. Programu ya utafiti katika chuo kikuu cha Marekani, ya wanafunzi wa shule ya upili, wiki mbili ama tatu, unapewa profesa, unaandika karatasi ya utafiti, unatoka na cheti. Halafu huko chini, kwa herufi za kutafuta na tochi, kuna bei. Kwa dola. Na swali lenu huwa moja: nilipe ama nisilipe?

Badala ya kujibu kila mtu kwa inboksi, wacha niwape historia yenyewe. Hizi programu hazikuanza kama biashara. Zilianza na panya.

Mwaka wa 1924 kulikuwa na jamaa anaitwa Clarence Cook Little, rais wa Chuo Kikuu cha Maine, kaskazini mashariki kabisa mwa Marekani. Little alikuwa mtu wa jenetiki. Tangu akiwa mwanafunzi alikuwa anazalisha panya wa ukoo mmoja, kizazi baada ya kizazi, hadi wakafanana kama mapacha, ndio ukiwapima dawa ama ugonjwa ujue tofauti imetoka wapi. Mwaka huo likizo ya majira ya joto akachukua wanafunzi wachache wa chuo, akawapeleka Bar Harbor, mji mdogo wa pwani, wakalala kwenye mahema na kufanya biolojia. Hakuna brosha, hakuna cheti. Miaka mitano baadaye, 1929, akapata pesa za matajiri wa magari ya Hudson na kufungua maabara hapo hapo, Jackson Laboratory. Mdororo wa uchumi ulipobana, maabara ikaanza kuuza panya kwa wanasayansi wengine ili isife. Mwaka wa 1947 moto mkubwa ukapita Bar Harbor, ukateketeza karibu panya wote. Kilichowaokoa ni kwamba walikuwa wameuza panya kila mahali, kwa hivyo wanunuzi wakawarudishia wazao wa wale wale. Ni kama kuunguliwa na nyumba halafu majirani wanakuletea vifaranga vya kuku uliowauzia zamani.

Ile desturi ya kualika wanafunzi likizoni haikufa. Ikapanuka hadi ikachukua watoto wa shule ya upili. Na hapa ndipo stori inakuwa tamu.

Mmoja wa hao watoto alikuwa Howard Temin wa Philadelphia. Alienda Bar Harbor akiwa bado shuleni, akarudi tena. Kufika 1955 alikuwa amemaliza chuo na alikuwa huko kama kaka mkubwa wa wale wadogo, yule msee anayejua kila kitu. Likizo hiyo hiyo akaja kijana wa miaka 17 kutoka New York, David Baltimore. Baltimore amesema wazi kwamba likizo hiyo, kuona watu wakifanya utafiti kwa mikono yao badala ya kuusoma kitabuni, ndiyo iliyomfanya aamue kuwa mwanabiolojia. Akaenda hata chuo kile kile Temin alichosomea, Swarthmore.

Sasa ruka miaka 15. Wakati huo darasani ilifundishwa kwamba habari za urithi zinatembea njia moja: DNA inaandika RNA, RNA inatengeneza protini. Temin alikuwa akisema kuna virusi vinavyorudisha gari nyuma, RNA inaandika DNA. Alisema hivyo miaka mingi na wengi hawakumsikiliza. Mwaka wa 1970 yeye na Satoshi Mizutani huko Wisconsin wakakipata kimeng'enya chenyewe kinachofanya hiyo kazi. Baltimore, akiwa MIT, akakipata pia, kivyake, bila wao kushirikiana. Ripoti zao zilitoka kwenye jarida la Nature toleo moja, zikifuatana. Mwaka wa 1975 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Renato Dulbecco. Baltimore alikuwa na miaka 37.

Mbona nawasumbua na kimeng'enya? Kwa sababu mnakijua, hata kama jina ni geni. Virusi vya Ukimwi hutumia kimeng'enya hicho hicho kujiandika ndani ya chembe zetu. Mwaka wa 1983 watafiti wa Paris waligundua virusi hivyo kwa kufuata alama ya kazi ya kimeng'enya hicho. Dawa ya kwanza ya kupambana na virusi hivyo, AZT, iliyoidhinishwa Marekani 1987, hufanya kazi kwa kukizuia. Na kile kidonge kimoja cha kila siku ambacho Wakenya wengi wanaoishi na virusi wanameza leo kina dawa tatu ndani, na mbili kati yake, tenofovir na lamivudine, zinapiga pale pale. Hapa kwetu serikali ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka wa 1999. Ulizeni wazazi wenu miaka hiyo ilikuwaje, mazishi kila Jumamosi. Watu wako hai leo kwa sababu, miongoni mwa sababu nyingi, mtu fulani alikubali vijana waingie maabara likizo na kuwapa kazi ya kweli.

Sisemi likizo moja ndiyo iliyoleta ARV, hapana. Kuna kazi ya maelfu ya watu hapo katikati. Lakini wanaume wawili waliopata Nobel kwa ugunduzi mmoja kukutana kwenye programu moja ya likizo, hiyo si kitu ya kupita tu.

Na msidhani nawapamba hao watu. Little mwenyewe alikuwa mpenzi wa ile fikra chafu ya kuboresha binadamu kwa kuchagua nani azae. Halafu mwaka wa 1954 akawa mkurugenzi wa kisayansi wa kamati iliyofadhiliwa na makampuni ya sigara, wakati ushahidi kwamba sigara inaleta saratani ulikuwa unaanza kuwachoma. Temin naye alipopokea Nobel alitumia nafasi hiyo kuwalaumu watu waliokuwa wakivuta sigara wakati wao wanasherehekea utafiti wa saratani. Hakuwa mvutaji, na bado saratani ya mapafu ndiyo iliyomuua mwaka wa 1994. Historia haina adabu.

Tukirudi nyuma kidogo. Oktoba 4, 1957, Wasovieti walirusha Sputnik, na Marekani ikaingia baridi. Mwaka uliofuata Rais Eisenhower akatia saini sheria ya kumwaga pesa kwenye elimu kwa jina la ulinzi wa taifa. Jina lenyewe lilisema hivyo, ulinzi. Taasisi yao ya taifa ya sayansi nayo ikaanza kulipia vyuo vikuu ili likizo ya joto wapokee wanafunzi wa shule za upili, wafanye hesabu na sayansi kikweli. Programu ya Arnold Ross, iliyoanza Notre Dame mwaka huo huo wa 1957 na kuhamia Ohio State mwaka wa 1964, ilikuwa ya hesabu peke yake. Wiki nzima nzima kijana anakaa na namba nzima, hizi 1, 2, 3 za kawaida, anaulizwa kwa nini zinafanya zinavyofanya, na hapewi jibu. Ross aliiendesha hadi mwaka wa 2000, akiwa na zaidi ya miaka 90. Wanafunzi wake wa zamani wakaenda kuanzisha nyingine ya aina hiyo Boston mwaka wa 1989. Hivyo ndivyo kitu kizuri huzaana.

Hofu hiyo hiyo ya Vita Baridi ndiyo iliyosaidia kina Tom Mboya kupata wafadhili wa kupeleka vijana wetu Marekani. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka na Wakenya 81. Sababu zao hawa hazikuwa za Pentagon, walitaka nchi iwe na watu waliosoma kabla uhuru haujafika. Lakini mlango ulifunguka kwa upepo ule ule.

Pesa za hofu zina shida moja: hofu ikipoa, zinakauka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Reagan ilikata bajeti ya elimu ya sayansi ya ile taasisi hadi karibu sufuri. Hapo ndipo akaingia mzee mmoja mkali, Admirali Hyman Rickover, baba wa nyambizi za nyuklia, mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Poland. Baada ya kustaafu jeshi alishirikiana na Joann DiGennaro, na mwaka wa 1984 wakaanzisha Research Science Institute, ile mnayoiita RSI, ambayo tangu 1992 inafanyika MIT. Unachaguliwa, unapewa mtafiti wa kweli na swali la kweli, na hulipi karo. Nauli ni yako. MIT penyewe tayari kulikuwa na nyingine ya bure, iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya vijana weusi na wengine waliokuwa hawaonekani kwenye uhandisi.

Sasa linganisheni na lile tangazo la Januari. Ona kilichobadilika. Bar Harbor ilikuwa na kazi na ikahitaji mikono na vichwa. Ross alikuwa na swali. Hao wa tangazo wana nafasi za kuuza. Vyuo vingi vina mabweni matupu likizoni na jina linalong'aa, na kuna mzazi Nairobi, Lagos ama Shanghai aliye tayari kulipa ili jina hilo likae kwenye ombi la chuo la mtoto wake. Zingine hata si za chuo, ni kampuni iliyokodi jengo la chuo. Wanaochagua wanafunzi wa kujiunga na vyuo wanalijua hilo vizuri. Kwa hivyo jibu langu: kama kigezo cha kuingia ni pesa, usilipe. Bibi yako asiuze ng'ombe kwa sababu ya cheti.

Zile za bure nazo zina ukuta wake. Nyingi zinalipwa na pesa za serikali ya Marekani, kwa hivyo zinataka raia ama mkaazi wa kudumu. Na hata ukipata mlango, kuna jambo dogo la kalenda: likizo yao inaanza Juni, wewe uko katikati ya muhula wa pili unaandika mitihani. Mfumo haukutengenezwa ukifikiriwa wewe.

Lakini ukitaka kuona wazo lile la 1924 likiwa hai karibu na nyumbani, nenda Kilifi. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kimekuwa hapo tangu 1989, kikifanya kazi za malaria ambazo dunia nzima inazitumia. Wana mpango wa kuchukua vijana wa eneo hilo waliofanya vizuri kidato cha nne, katika ile miezi mirefu ya kungoja chuo, na kuwaweka kando ya wanasayansi kwa miezi mitatu hivi. Hakuna mahema, lakini kazi ni ya kweli, na hakuna anayekuuliza una dola ngapi. Tatizo ni kwamba ni Kilifi. Wewe wa Kakamega, Garissa ama Kayole huna mpango kama huo karibu nawe, na vyuo vikuu vyetu vya umma vina maabara ambazo likizoni zimefungwa kufuli, funguo ziko na mlinzi.

Naibu chansela yeyote anayesoma hii: likizo ya Agosti inakuja. Wanafunzi kumi, wiki tatu, mhadhiri mmoja mwenye swali ambalo bado hajalijibu. Panya si lazima.