Kijiji cha Chitambo

Wasikilizaji, iko miji iliyopata sifa kwa wingi wa watu wake, na mingine kwa biashara yake au kwa vita vyake. Lakini viko na vijiji vidogo vya njiani ambavyo jina lake lisingalivuka mipaka ya nchi yao, kama mgeni mashuhuri asingalifikiwa na ajali yake hapo. Kimoja cha namna hiyo ni kijiji cha Chitambo, katika nchi ya Walala, kusini ya ziwa Bangweulu, ambayo leo ni sehemu ya Zambia. Watu wakilitaja jina hilo hukumbuka neno moja tu, ya kuwa Daktari Livingstone alikufa huko. Leo tutazame upande wa wenyeji, tuone walimtendeaje mgeni huyu.

David Livingstone alikuwa Mskochi, mmisionari na tabibu, naye alikuwa akitafuta chimbuko la mto Nile. Mwezi wa Aprili, mwaka 1873, mvua zilikuwa zimeigeuza nchi ile kuwa mabwawa matupu, na Daktari alikuwa mgonjwa sana wa tumbo la damu. Alikuwa hawezi tena kwenda kwa miguu wala kupanda punda, basi watu wake wakamchukua kwa machela. Walipofika kwa Chitambo walikuta nyumba nyingi ni tupu, maana wenyewe walikuwa mashambani wakilinda mazao. Wakamlaza upenuni, mvua ikinyunya, huku wakimjengea kibanda. Watu wa kijiji waliokuwapo wakasimama wakiegemea pinde zao, wakamtazama kimya.

Siku ya pili Chitambo mwenyewe akaja kumwamkia mgeni, lakini Daktari hakuwa na nguvu za kuzungumza, akamwomba arudi kesho. Kesho hiyo hawakuonana. Usiku ule wa kuamkia tarehe 1 Mei watumishi walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa kimeinamia mto, naye amekwisha kufa.

Hapo khofu kubwa ikawashika watu wa msafara. Walijua kwamba mgeni akifa katika nchi ya watu, wenzake huweza kutozwa mali nyingi, wakaazimia kuificha habari. Lakini siri haikukaa. Chitambo alipopata habari hakukasirika wala hakudai kitu. Aliwaambia wasiogope, ya kuwa yeye naye amepata kusafiri mpaka pwani, anajua kwamba kifo huwapata wasafiri njiani. Kisha akaja na watu wake, wanaume na pinde zao, ngoma zikapigwa, wakamlilia maiti kwa desturi ya nchi yao.

Chitambo aliwashauri wamzike pale pale, maana pwani ni mbali. Susi, Chuma na wenzao wakakataa; walitaka kumrudisha kwa ndugu zake. Farijala, aliyepata kumtumikia tabibu mmoja Unguja, akampasua maiti. Moyo na matumbo wakavitia katika sanduku la bati, wakavizika chini ya mti mmoja. Jacob Wainwright, Myao aliyesomeshwa Bara Hindi, akasoma sala za maziko, kisha akachonga katika mti ule jina la Daktari na majina ya baadhi ya viongozi wa msafara. Tarehe aliyoiandika ni 4 Mei, ndiyo sababu vitabu havipatani juu ya siku ya kifo. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani siku 14, wakaufunga katika nguo na gome la mti na turubali.

Kabla ya kuondoka walimwomba Chitambo jambo moja: awe akifyeka majani kuzunguka mti ule, moto wa nyika usije ukauunguza. Chitambo akaahidi.

Safari yao ya kwenda pwani ilipita maili 1,000. Tabora wakakutana na Luteni Cameron, Mwingereza, akawashauri wamzike huko, wakakataa tena. Kasekera, wenyeji walipowazuia, walifunga mabua ya mtama mfano wa maiti, wakajifanya wanayarudisha nyuma kuyazika, kumbe mwili wenyewe waliufunga kama mtumba wa nguo, ukapita. Mwezi wa Februari 1874 wakaingia Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili Daktari akazikwa London, katika kanisa la Westminster.

Na ule mti je? Katika miaka ya 1890 wasafiri walioufikia waliukuta umesimama, na maandishi ya Jacob yanasomeka. Kijiji chenyewe kilikuwa kimekwisha kuhama. Mwaka 1899 mti ulikuwa umezeeka, ukakatwa, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London. Mwaka 1902 mnara ukajengwa mahali pake.

Wasikilizaji, wahenga walisema ahadi ni deni. Wachukuzi walipata kuandikwa vitabuni kwa kazi yao, nao walistahili. Lakini Chitambo hakutazamia sifa wala ujira. Aliuona msafara wa watu waliofiwa, angaliweza kuwanyang'anya, akawalilia mfu wao. Basi tunapolisikia jina la kijiji kile tusikumbuke kifo tu; tukumbuke na jumbe aliyejua njaa na hatari za njia, akawaondolea wageni khofu yao.