Ukataji na Uungaji wa RNA

Maagizo ya kujenga protini za mwili yameandikwa katika DNA, ndani ya kiini cha seli. Protini inapohitajika, seli hunakili jeni husika kuwa RNA, na nakala hiyo hutoka nje ya kiini kwenda kusomwa na ribosomu, mtambo unaojenga protini. Lakini kabla haijatoka, hufanyiwa kazi kubwa: baadhi ya vipande vyake hukatwa na kuondolewa, na vinavyobaki huungwa viwe uzi mmoja. Kiingereza huiita kazi hiyo splaisingi. Kwa Kiswahili napendekeza tuiite ukataji na uungaji wa RNA.

Kazi hiyo iligunduliwa mwaka 1977, Phillip Sharp na Richard Roberts walipokuwa wakichunguza adenovirusi nchini Marekani, kila mmoja na kundi lake. Hadi hapo wataalamu waliamini kwamba jeni ni maandishi yanayofuatana bila kukatika. Mwaka 1978 Walter Gilbert akavipa vipande hivyo majina: introni ni kile kinachoondolewa, eksoni ni kile kinachobaki. Sharp na Roberts walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1993.

Neno la Kiingereza lina asili ya mabaharia, waliounga kamba mbili kwa kusokota nyuzi za ncha zake pamoja. Kiswahili nacho kina kitenzi cha kufaa, kuunga, kinachotumika hata kwa mfupa uliovunjika. Nakipendelea kuliko kuunganisha, kwa kuwa kuunganisha hubeba pia maana ya kuwakutanisha watu au kupitisha simu. Hata hivyo uungaji peke yake hautoshi. Uamuzi mzito hufanyika mahali pa kukata, na magonjwa mengi ya mchakato huu huanzia hapo.

Introni nyingi huanza kwa herufi GU na kuishia kwa AG. Mtambo unaozikata, splaisosomu, umeundwa kwa RNA ndogo tano na protini nyingi. Huzitambua alama hizo pamoja na herufi zinazozizunguka. Ribosomu husoma herufi tatu tatu, kwa hiyo mkato ukikosea kwa herufi moja tu, usomaji wote unaofuata huvurugika.

Ndiyo maana hata introni, ambayo mwisho wake ni kutupwa, inaweza kubeba ugonjwa. Nchini Oman, Pakistani na India, moja ya mabadiliko yanayosababisha sana beta-thalasemia ni herufi G kuwa C katika nafasi ya tano ya introni ya kwanza ya jeni ya beta-globini, sehemu ya himoglobini. Mtambo hushindwa kupatambua vizuri mahali pa kukata, himoglobini hupungua, na mtoto hubaki akitegemea kuongezewa damu.

Mkato usio wa kawaida si kosa kila mara. Jeni moja ya binadamu hutoa homoni ya kalsitonini katika tezi ya shingo. Katika neva, nakala yake hukatwa kwa namna nyingine, ikatoa CGRP, protini inayotanua mishipa ya damu na kuhusika na maumivu ya kipandauso. Huu ni ukataji na uungaji mbadala. Tuna takriban jeni 20,000 za protini, na nyingi kati yake hutoa matoleo zaidi ya moja kwa njia hii.

Tusiuchanganye mchakato huu na istilahi pana zaidi, udhibiti wa jeni. Udhibiti huamua pia kama jeni itanakiliwa, lini, na kwa kiasi gani. Kwa mfano, baada ya mtoto kuzaliwa, protini iitwayo BCL11A huizima jeni ya himoglobini ya kijusi. Kwa mgonjwa wa selimundu, himoglobini hiyo ikirudi huzuia chembe nyekundu kujikunja. Dawa ya haidroksiyurea huiongeza, na utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda ulionyesha kwamba watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, malaria na vifo.

Uzito wa neno ukataji unaonekana wazi katika ugonjwa wa SMA, unaoua neva za uti wa mgongo na kudhoofisha misuli ya watoto. Hawa wamekosa jeni ya SMN1 iliyo nzima, ingawa wanayo SMN2 inayokaribia kufanana nayo. Herufi moja katika eksoni ya saba ya SMN2 ni tofauti. Tofauti hiyo haibadilishi protini inayoandikwa, ila husababisha eksoni hiyo ikatwe mara nyingi pamoja na introni. Dawa ya nusinersen, iliyotokana na kazi ya Adrian Krainer na wenzake na kuidhinishwa Marekani Desemba 2016, hujibandika kwenye introni inayofuata, ikafunika sehemu inayochochea kuachwa kwa eksoni hiyo. Eksoni ya saba hubaki, na protini kamili hutengenezwa.

Mzazi wa mtoto mwenye SMA anastahili kuelezwa haya kwa lugha yake: jeni ya akiba ipo, ila kipande kinachohitajika kinakatwa. Walimu wa baiolojia, wauguzi na waandishi wa afya, tuyatumie maneno yote mawili, ukataji na uungaji, kwa sababu ugonjwa na tiba yake vyote vimo humo.