Starehe ya Majira ya Baridi katika Mazulia ya Ukutani ya Brussels: Kitambaa kama Hati ya Historia

Mazulia ya ukutani yajulikanayo kama Mawindo ya Maximilian ni 12, na leo yamehifadhiwa katika Makumbusho ya Louvre, Paris. Yalifumwa Brussels mwanzoni mwa miaka ya 1530 kwa sufu, hariri na nyuzi za dhahabu na fedha, kwa kufuata michoro ya Bernard van Orley. Kila zulia lina mwezi wake na buruji yake. Mfululizo huanzia Machi, si Januari.

Majira ya baridi yamepewa uwindaji wa nguruwe mwitu. Katika zulia la Desemba, chini ya buruji ya Mbuzi, mnyama anauawa. Katika lile la Januari, yumo motoni. Februari hufunga mwaka kwa wawindaji kutoa heshima mbele ya Mfalme Modus na Malkia Ratio, wahusika wa kitabu cha uwindaji cha karne ya 14. Hata hivyo, starehe hiyo ya mabwana haikujitegemea. Ndani ya picha wamo watumishi na waongoza mbwa. Nje yake wako wafumi, waliopitisha mshindio kwa mkono, uzi baada ya uzi.

Kama hati, mazulia haya yanadai uangalifu. Jina lake linamtaja Maliki Maximilian wa Kwanza, ambaye alifariki mwaka 1519, takribani mwongo mmoja kabla hayajafumwa. Kwa hiyo, jina la mapokeo si ushahidi wa aliyeyaagiza. Kwa upande mwingine, zulia la Machi linaonyesha kasri la Coudenberg, lililoteketea mwaka 1731. Hapo kitambaa kimetunza kile ambacho mawe yalishindwa kukitunza.

Mwaka 1528 Brussels iliwaamuru wafumi watie alama ya mji: herufi mbili za B na ngao nyekundu katikati. Shabaha ilikuwa kulinda sifa ya bidhaa sokoni, lakini karne nyingi baadaye alama hiyo humsaidia mwanahistoria kutambua asili ya kazi. Funzo kwa washauri wa sera ni bayana. Kitambaa kinachoingia ghalani bila kuandikiwa mahali, mwaka na fundi hubaki pambo. Kilichoandikiwa hugeuka shahidi. Gharama ya kuandika ni ndogo leo, ilhali gharama ya kutoandika hulipwa na vizazi vijavyo.