Kusafisha Picha ya Ubongo, Kuanzia Mulago hadi Mbarara

Kitengo cha upasuaji wa ubongo cha Hospitali ya Mulago, Kampala, kilianza mwishoni mwa miaka ya 1960 chini ya daktari Ian Bailey, kisha kikapokewa na Jovan Kiryabwire, Mganda wa kwanza kubobea katika fani hiyo. Mashine ya CT, inayoonyesha ubongo wenyewe ndani ya fuvu, ilikuwa bado haijamhudumia mgonjwa hata mmoja. Wa kwanza alipigwa picha London mwaka 1971. Eksirei ya kawaida huonyesha mfupa wa fuvu, na ubongo uliomo ndani hubaki ukungu. Kwa hiyo madaktari wa zama hizo walidunga dawa ya rangi kwenye mishipa ya shingo, au waliingiza hewa katika vyumba vya maji vya ubongo, wakapiga picha na kusoma vivuli. Mshipa umesukumwa kushoto? Huenda uvimbe uko kulia. Mgonjwa akitikisika, kivuli kinadanganya.

Swali la wasoma vivuli hao ndilo linaloulizwa hadi leo, ingawa mashine zimebadilika: kipi katika picha hii ni ubongo, na kipi ni kelele?

Jijini Kampala swali hilo lina uzito wake, kwa sababu ya malaria. Mzazi yeyote wa Uganda anajua hofu ya kuambiwa malaria imempanda mtoto kichwani. Mwaka 2008 watafiti wa Makerere na wenzao wa Marekani, akiwemo Chandy John, walichapisha matokeo ya watoto waliolazwa Mulago kwa ugonjwa huo wakapona. Miaka 2 baadaye, takriban mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na upungufu wa kumbukumbu, umakini au uwezo mwingine wa akili. Hayo yalipimwa kwa majaribio ya mezani. Mwaka huohuo Blantyre, Malawi, ilipata mashine ya MRI, inayopiga picha kwa sumaku, yenye sumaku ya nguvu ndogo ya tesla 0.35, na mwaka 2015 timu ya Terrie Taylor ikaonyesha kwamba kati ya watoto 25 waliofariki katika utafiti wao, 21 walikuwa na ubongo uliovimba sana.

Uvimbe, hata hivyo, ni umbo. Kumbukumbu na umakini ni kazi. Ili kuona ubongo ukiwa kazini inahitajika mbinu nyingine, iliyotokana na ugunduzi wa Seiji Ogawa mwaka 1990: damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa oksijeni hazitendi sawa ndani ya sumaku. Sehemu ya ubongo inapofanya kazi, damu mpya huikimbilia, na mashine ya MRI huona badiliko la asilimia 1 hivi, pengine zaidi kidogo. Hapo ndipo shida inapoanza. Pumzi, mapigo ya moyo na kichwa kusogea milimita chache vinaweza kuleta mabadiliko makubwa kuliko hayo.

Mwaka 2012 makundi 3 ya watafiti wa Marekani, kila moja kwa njia yake, yalitoa onyo ambalo fani nzima ililazimika kulisikiliza. Kutikisika kwa kichwa kulifanya sehemu za ubongo zilizo karibu zionekane zimeungana sana, na zilizo mbali zionekane na uhusiano hafifu. Watoto hutikisika kuliko watu wazima. Maana yake, sehemu ya kile kilichoandikwa kuwa ni ukuaji wa ubongo wa mtoto ilikuwa ni mtoto kushindwa kutulia. Hebu fikiria onyo hilo kwa mtoto wa Mulago, ambaye malaria ndiyo imempunguzia umakini: yeye ndiye atakayetikisika zaidi, na mashine itaiandika hali hiyo kama ugonjwa.

Dawa ya tatizo hilo ilitoka kwa waandishi wa programu huria. Msingi ulikuwa umeshawekwa tangu miaka ya 1990 na programu kama AFNI ya Robert Cox. Mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi walitoa ICA-AROMA, inayoichambua picha katika vijenzi na kuviondoa vile vinavyofuata mwendo wa kichwa au vinavyokaa pembezoni mwa ubongo. Programu ya Tedana hupita njia nyingine: kila picha hupigwa kwa mwangwi kadhaa wa ishara unaofuatana, kwa kuwa badiliko la oksijeni hukua kadiri mwangwi unavyochelewa, na kelele nyingi hazifanyi hivyo. Nayo fMRIPrep, iliyosukwa kwa sehemu kubwa Stanford, hutoa ripoti ya kila aliyepimwa, mtafiti ajionee kilichofanyika hatua kwa hatua. Ripoti hiyo ina thamani kuliko kasi yote ya programu. Anayekataa kuonyesha alichofuta asiaminiwe na picha aliyobakiza.

Uganda yenyewe imechangia ushahidi wa hatari ya kuamini picha iliyosafishwa. Hospitali ya watoto ya CURE ilifunguliwa Mbale mwaka 2001, na hapo mpasuaji Benjamin Warf akakuza upasuaji wa watoto wenye maji kichwani usiotegemea mpira wa kupitishia maji, kwa kuwa mpira ukiziba, familia ya kijijini haifiki hospitali kwa wakati. Mwaka 2021 timu iliyowajumuisha Warf, Steven Schiff na watafiti wa Mbale ilichukua picha za CT, ikazichafua kwa makusudi na kuwauliza wapasuaji kama bado zinafaa. Nyingi zilifaa, hata zile ambazo kwa kawaida zingekataliwa. Akili unde ilipozisafisha, zilipendeza zaidi. Lakini hatari ilijitokeza kwamba kompyuta inaweza kuchora kitu ambacho katika kichwa cha mtoto hakipo.

Mwaka uliofuata, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Johnes Obungoloch na wenzake waliunganisha mashine ya MRI kwa mikono yao kwa siku 11, wakishirikiana na wataalamu wa Leiden, Uholanzi, na wa Marekani. Nguvu yake ni takriban tesla 0.05, wakati mashine za hospitali kubwa zina 1.5 au 3. Haiwezi kufuatilia oksijeni ya damu. Kazi yake ni kuonyesha umbo la ubongo na maji yaliyojaa ndani yake. Ishara yake ni dhaifu, na mawimbi ya redio na ya nyaya za umeme huingia kirahisi. Mbinu kama EDITER, ya mwaka 2022, hutumia vipokezi vya pembeni vinavyosikiliza kelele peke yake, kisha programu huitoa kwenye ishara.

Kelele za umeme wa Mbarara si zile za Leiden. Fundi mwenye msimbo mkononi anaweza kupima za kwake, kurekebisha hesabu, na kumweleza mpasuaji kabla ya kisu kushikwa ni nini hasa kilichoondolewa katika picha ya mtoto.