Kimeng'enya kinacholinda damu, na dawa zinazokilemea

MALARIA imeishi na wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria tangu enzi za mababu, kuanzia Busia na Siaya hadi Kisumu, Homa Bay na Migori. Imeacha alama zake ndani ya damu yao. Alama moja ni selimundu, ambayo wengi wanaifahamu. Nyingine ni upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao wengi walio nao hawajawahi hata kuusikia ukitajwa.

Vimeng'enya ni protini zinazoharakisha shughuli za kikemia ndani ya seli. Baadhi yake kazi yao ni kuhamisha elektroni kutoka molekuli moja hadi nyingine. Bila uhamisho huo seli haiwezi kupata nguvu kutoka kwa chakula wala kujikinga na madhara ya oksijeni. G6PD imo katika kundi hilo. Huchukua elektroni kutoka kwa sukari na kuzikabidhi kwa molekuli iitwayo NADP, ambayo ikishazipokea hujulikana kama NADPH. Hiyo NADPH huiwezesha glutathioni kuzima molekuli kali za oksijeni kabla hazijaharibu himoglobini na utando wa seli.

Seli nyingine za mwili zina njia zaidi ya moja ya kupata NADPH. Chembe nyekundu ya damu haina njia nyingine. Hubeba oksijeni kwa takriban siku 120, na kwa kuwa haina kiini, haiwezi kuunda kimeng'enya kipya pindi cha awali kinapochakaa. Katika aina ya upungufu iliyoenea zaidi Afrika, G6PD huchakaa upesi kuliko kawaida, hivyo chembe kongwe hubaki bila ulinzi. Mwenye hali hiyo anaweza kuvua samaki, kulima na kuzeeka bila kuugua, mradi asikutane na kitu kinachozidisha molekuli hizo kali.

Hatari hiyo iligunduliwa kupitia dawa ya malaria. Mwaka wa 1956, watafiti wa Marekani waliokuwa wakichunguza kwa nini primakwini iliwapunguzia damu baadhi ya wanaume weusi walibaini kwamba chembe zao zilipungukiwa na G6PD. Mnamo 1960, Anthony Allison, mwanasayansi aliyelelewa Kenya na ambaye tayari alikuwa amehusisha selimundu na malaria, alichapisha utafiti kuhusu upungufu huo miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki. Ilidhihirika kwamba hali hii hupatikana zaidi palipo na malaria nyingi. Kwa maneno mengine, kasoro hii ilidumu kwa sababu ilikuwa na faida. Faida yenyewe haiwafikii wote sawa: utafiti uliochapishwa 2015 kutoka Kilifi ulionyesha kinga dhidi ya malaria kali kwa wasichana waliorithi jeni moja yenye kasoro, wala si kwa wavulana.

Tofauti hiyo ya jinsia inatokana na mahali jeni ilipo, yaani kwenye kromosomu X. Mvulana ana X moja tu, aliyoipata kwa mama yake. Ikiwa na kasoro, hana ya kuifidia.

Somo la gharama kubwa lilikuja na Lapdap, mchanganyiko wa klorproguanili na dapsoni ulioidhinishwa Uingereza mwaka wa 2003 ukitarajiwa kuwa tiba nafuu kwa Afrika. Mchanganyiko wa dawa hizo mbili ulijaribiwa pia katika kuwakinga watoto wachanga magharibi mwa Kenya. Mwaka wa 2008 kampuni ya GlaxoSmithKline iliiondoa Lapdap sokoni, baada ya majaribio kuonyesha kwamba wagonjwa wenye upungufu wa G6PD walipungukiwa damu kwa kiwango cha kutisha.

Dapsoni haijatoweka. Hutumika kutibu ukoma, na hupewa baadhi ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi ambao miili yao haivumilii Septrin. Katika eneo la Nyanza hilo si jambo dogo. Kwa primakwini, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka wa 2012 kwamba dozi moja ndogo ya kuzuia maambukizi ya malaria inaweza kutolewa bila kupima G6PD. Matibabu ya siku 14 ni suala tofauti, nayo huhitaji kipimo. Dawa mseto ya artemeta na lumefantrini, inayotumiwa sana nchini, haina hatari hii. Vidonge vya naftalini vinavyowekwa kati ya nguo ili kufukuza wadudu vinaweza kumdhuru mtoto mchanga mwenye upungufu huu akivishwa nguo hizo.

Dalili huanza siku chache baada ya dawa: mkojo mweusi kama chai ya rangi, macho ya manjano, uchovu na kuhema. Mgonjwa aache dawa hiyo na kufika hospitalini mara moja, akieleza kila alichomeza, hata kilichonunuliwa dukani. Kipimo cha G6PD kikifanywa siku hizo chaweza kutoa jibu la uongo, kwa kuwa chembe kongwe zilizopungukiwa zimekwisha kufa na zilizobaki ni changa zenye kimeng'enya cha kutosha. Hurudiwa baada ya miezi mitatu hivi.