Siku ya Chete: Soko la Juma katika Historia ya Pwani

Historia ya Pwani yetu imeandikwa sana kwa jahazi, pembe za ndovu na karafuu. Soko la siku moja kwa juma, ambalo watu wa Kwale na Kilifi huliita chete na wenzao wa Tanga huliita gulio, hutajwa kwa mstari mmoja, kana kwamba ni jambo dogo la akina mama na mafungu yao ya nyanya. Nashikilia kwamba kulipuuza soko hilo kumetufanya tusiielewe Pwani yenyewe. Miji ya mawe iliweza kuwepo kwa sababu palikuwa na watu wa mashambani walioilisha, na watu hao walikutana na wa mjini kwa miadi, siku iliyojulikana, mahali palipokubaliwa. Nashikilia pia kwamba nguvu ya soko hilo tangu zamani imekuwa katika siku yake. Pahali palihamishwa mara nyingi, majengo yakaja na kuachwa, bidhaa zikabadilika kutoka sandarusi hadi mitumba, na watu wakaendelea kuja kwa sababu siku waliijua.

Tuanze na Mombasa, maana ushahidi wake ni wa zamani. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika habari za pwani hizi katika miaka ya 1510, anasema kwamba watu wa Mombasa walikuwa vitani mara nyingi na watu wa bara, na papo hapo walifanya nao biashara, wakipata kwao asali, nta na pembe kwa wingi. Msomaji wa haraka ataona hapo mgongano wa maneno, lakini mimi naona habari nzima. Watu wanaopigana hawawezi kuuziana asali bila utaratibu unaovisimamisha vita kwa muda na kumhakikishia mwenye mzigo kwamba atarudi kwake salama. Mombasa ni kisiwa, na mashamba yake hayakutosha kuulisha mji. Hata Wareno, wakiwa na Ngome ya Yesu waliyoanza kuijenga mwaka 1593, walilazimika kuwapa watu wa bara, waliowaita Wamusungulo, vipande vya nguo ili amani ipatikane na chakula kivuke. Baadaye utaratibu huo ukawa wa kindugu zaidi: kila kabila la Mijikenda, watu hao wa bara, lilikuwa na wenyeji wake miongoni mwa Thenashara Taifa, makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, kama Wadigo walivyokuwa na Wakilindini. Mgeni akifika na mzigo alikuwa na mtu wa kumpokea, wa kumsemea na wa kumtetea deni likizua ugomvi.

Na siku? Wamijikenda walihesabu juma la siku nne, linaloanza na kwaluka na kuishia jumwa, siku ambayo jembe hupumzika. Jina la Jumwa bado wanapewa wasichana wa Pwani hadi leo. Juma la namna hiyo linamfaa mkulima anayetembea kwa miguu. Mtu wa kilimani alihitaji asubuhi nzima kushuka na kikapu cha mtama na jioni nzima kupanda nacho kikiwa na chumvi na ng'onda. Hakuweza kufanya hivyo kila siku, na asingefanya kamwe kama hakuwa na hakika ya kumkuta mnunuzi. Siku inayojulikana na wote ndiyo iliyompa hakika hiyo, bila barua, bila dalali na bila ghala. Iliwakusanya wauzaji kwa saa chache, bei zikaonekana wazi, kila mmoja akasikia mwenzake anatoa ngapi. Ikazaa hata adabu yake ya vipimo. Nafaka ilipimwa kwa kibaba, vibaba vinne vikiwa pishi moja, na kabla ya kupima ilibidi wakubaliane kama ni kibaba cha mfuto, kinachosawazishwa mdomoni kwa kiganja, au cha tele, kinachorundikwa hadi punje zianze kumwagika. Tofauti ya vibaba hivyo viwili ilikuwa faida nzima ya mtu. Muuzaji aliyeahidi tele akapima mfuto alijua kwamba watu walewale atawakuta tena soko lijalo, na mengine yote pale yalisimama juu ya kujuana huko.

Wapo watakaosema kwamba ninakuza dogo, kwamba utajiri wa Pwani ulitoka kwenye misafara. Ni kweli kwamba mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kukaa Rabai, aliandika juu ya misafara ya Wakamba ya watu mia tatu au mia nne wakiteremsha pembe. Hakuna chete iliyoweza kushindana na thamani ya mzigo huo. Lakini watu mia tatu wanakula, na msafara haubebi unga wa safari nzima. Chakula chao kilitoka kwa wakulima wa njiani, ambao tayari walikuwa wamezoea kuzalisha ziada ya kuuza. Tena pembe zilikuwa za wachache, zikawatajirisha wachache, na njia zilipohama biashara hiyo ikahama nazo. Mtama, nazi, vyungu, mikeka ya ukindu na mbuzi vilibaki. Kipimo cha umuhimu wa biashara hakiwezi kuwa thamani ya mzigo peke yake. Lazima tuulize pia imewagusa wangapi, na kwa muda gani.

Serikali za kikoloni zilikuja na fikra nyingine, kwamba soko ni nyumba. Unguja ikapata jengo la Darajani mwaka 1904, na Mombasa ikapata Marikiti mwaka 1914. Ni majengo mazuri, na sina neno nayo kwa mahitaji ya mji wa watu wengi. Tatizo lilikuwa upande wa pili, kwa mkulima, na hapo kisa cha Wagiriama kinasema zaidi ya hoja yoyote. Walikuwa wauzaji wa nafaka wanaojulikana, mahindi na mtama wao ukienda kwa wafanyabiashara wa Malindi na Takaungu. Mtu anayeweza kupata kodi ya nyumba kwa kuuza gunia la mahindi hana sababu ya kwenda kuwa kibarua katika shamba la mzungu. Serikali, iliyotaka vibarua, iliona uhuru huo ni kizuizi. Mwaka 1913 Mgiriama Mekatilili wa Menza akawakusanya watu Kaya Fungo wakala kiapo cha kuikataa amri ya serikali. Mwaka uliofuata kaya hiyo ikalipuliwa kwa baruti na watu wakafukuzwa kutoka kaskazini ya mto Sabaki, kulikokuwa na mashamba yao yenye rutuba. Mambo mengi yalichochea mapambano hayo, na sisemi chanzo chake kilikuwa soko peke yake. Nasema tu kwamba huwezi kuyaelewa madai ya pande zote mbili kama hujui kwamba mkulima alikuwa na mahali pa kuuzia.

Kusini ya mpaka mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893 na kufika Mombo mwaka 1905, na mkonge ulioletwa na Richard Hindorf miaka hiyohiyo ya 1890 ukafunika mabonde. Wafanyakazi walihesabiwa kazi kwa kipande cha siku 30, na magulio yakajipanga kufuata malipo na mapumziko ya shamba. Juma la siku nne likazidiwa na la siku saba, lililokwisha kushika mizizi kwa sala ya Ijumaa. Wengine huona hapo mwisho wa desturi ya asili. Mimi naona uthabiti wake: watu walibadili hesabu ya siku, wakaibakiza miadi.

Pingamizi zito zaidi ni la leo. Ukienda katika chete au gulio lolote utakuta nusu ya uwanja ni mitumba: robota linakatwa kamba, nguo zinamwagwa juu ya turubai, muuzaji anapaza sauti "chagua, chagua, mia mia", na akina mama wanawahi kuokota vilivyo bora kabla jua halijapanda. Je, huu si uwanja wa kutupia vitu vya watu wengine, uliochangia kuua viwanda vyetu vya nguo? Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Nchi za Afrika Mashariki zenyewe ziliazimia mwaka 2016 kuimaliza mitumba ifikapo 2019, Marekani ikatishia kuziondolea nafuu ya ushuru, na ni Rwanda tu iliyoshikilia msimamo, ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa nguo zake mwaka 2018. Lakini tusilihukumu soko kwa mzigo uliobwagwa humo. Katika Tanzania ya mwanzo wa miaka ya 1980 nguo ziliadimika madukani, na biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984 mitumba ilipita kwenye njia ambazo magulio yalikuwa yamezichonga zamani. Njia hizohizo zilibeba kaniki na merikani katika karne ya 19, na zitabeba khanga na vitenge vya viwanda vyetu siku vitakapouzwa kwa bei ambayo mvuvi na mkwezi wa minazi wanaimudu. Ushuru wa forodha unaamuliwa mbali sana na turubai la mama wa Kinango.

Ndiyo maana nina wasiwasi ninapoona kaunti na halmashauri zikijenga masoko ya matofali yenye vibanda vya kupangisha kwa mwezi, kisha kuwafukuza wauzaji wa siku moja kwa jina la usafi na mapato. Choo, maji na kivuli vinahitajika, na ushuru wa haki hakuna aliyeukataa. Ila mtu anayeuza siku moja kwa juma hawezi kulipa pango la siku thelathini, na akiondolewa, kibanda chake kitachukuliwa na mchuuzi wa mjini anayenunua kwa mkulima huyohuyo kwa bei ya kutupa. Waheshimiwa madiwani na wawakilishi wa wadi, kabla ya kuweka jiwe la msingi nendeni mkawaulize wanaouza hapo ni siku gani wanakuja, wanatoka wapi na wanarudi saa ngapi. Tengenezeni uwanja, wekeni maji, na siku yao waachieni.