Willy Gamba na vita vilivyopita Iringa

Barabara inayopanda Kitonga kuja Iringa iliwahi kuwa barabara ya vita. Novemba 1965 Ian Smith, waziri mkuu wa walowezi, alijitangazia uhuru wa Rhodesia, na Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta kupitia huko, ikalazimika kuyatafuta kupitia kwetu. Malori yakaanza kupishana usiku na mchana, likafuata bomba la mafuta la TAZAMA mwaka 1968, kisha reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976 ikipita Makambako na Mbeya. Vijana wa Zimbabwe, kama wapigania uhuru walivyoiita Rhodesia, nao walifunzwa kupigana Itumbi, upande wa Chunya, na baadaye Mgagao, Kilolo. Ndiyo maana riwaya za upelelezi za Elvis Musiba, zinazohusu vita hivyohivyo, zina uzito wa pekee kwa msomaji wa Nyanda za Juu Kusini.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994. Aliyetaka kumfuata mpelelezi mmoja kutoka mkasa hadi mkasa alimfuata vitabuni. Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi alifungua njia kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, akatupa Bwana Msa, mtu wa kiko na fikra. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akaja na Simu ya Kifo na Inspekta Wingo wake. Hawa walichunguza maovu ya mtaani: urithi, wivu, mauaji ya nyumbani. Musiba akatoka nje ya mtaa kabisa. Willy Gamba wake ni mtumishi wa serikali anayetumwa na Chifu, bosi wake, kuvuka mipaka, kama James Bond ambaye Ian Fleming alianza kumwandika mwaka 1953. Lakini Bond alilinda dola iliyokuwa ikipoteza makoloni, na Gamba yuko upande wa waliokuwa wakitawaliwa.

Mfululizo huo una vitabu kadhaa, vikiwemo Njama, Hofu na Kikomo. Viwili vya mwanzo ndivyo vinavyonivuta kuvilinganisha, kwa sababu kati ya Kufa na Kupona cha 1974 na Kikosi cha Kisasi cha 1979 ramani ya Afrika ilibadilika. Katika cha kwanza kinachoibwa ni nyaraka za siri za wapigania uhuru. Wizi unafanyika Dar es Salaam, makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) tangu 1963, na nyayo zinampeleka Gamba Nairobi. Pale anategemea zaidi ngumi zake, bastola yake na bahati yake. Kasi ni kubwa mno, hadi msomaji hapati nafasi ya kujiuliza zile karatasi zilikuwa na uzito gani.

Kikosi cha Kisasi ni kitabu kilichokomaa zaidi. Sasa kinachowindwa ni watu. Wasomaji wa 1979 hawakuhitaji kuelezwa: Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO ya Msumbiji, aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, Dar es Salaam, Februari 1969, Herbert Chitepo wa ZANU, chama cha wapigania uhuru wa Zimbabwe, akalipuliwa ndani ya gari lake Lusaka, Machi 1975. Msumbiji na Angola zilikuwa zimeshajikomboa, Zimbabwe ilikuwa mlangoni, na adui mkubwa aliyebaki alikuwa kaburu wa Afrika Kusini. Gamba naye haendi peke yake. Anaungana na makachero wa nchi nyingine za Afrika, na hapo ndipo riwaya inapopata nguvu ambayo ngumi za mtu mmoja zisingeweza kuipa.

Mkasa unachezwa Kinshasa, na naamini mji huo haukuchaguliwa ovyo. Mwaka 1975 Mobutu, aliyetawala kutoka mji huo, alipeleka majeshi Angola kulisaidia kundi la FNLA, wakati Afrika Kusini nayo ikiivamia nchi hiyo kutoka kusini. Mji wa starehe na muziki ambamo maadui wa ukombozi wangeweza kutembea bila hofu ulimfaa sana mwandishi wa upelelezi.

Wahakiki wengi waliziweka kazi hizi kwenye kapu la fasihi pendwa na kuzipita haraka. Kwa jinsi Musiba anavyowachora wanawake, wengi wao wakiwa warembo wa kutamanisha au mitego, lawama anastahili. Lakini kusema hazikuwa na fikra ni kumwonea. Kijana aliyesoma Kikosi cha Kisasi alijifunza kwamba usalama wa Tanzania na uhuru wa Pretoria ni jambo moja, na alijifunza huku akikataa kulala.

Kuna jambo moja ambalo vitabu hivi viwili havikuligusa, nalo lilitokea hapahapa mkoani. Mwishoni mwa 1975 maofisa vijana wa ZANLA, jeshi la ZANU, waliokuwa Mgagao waliandika tamko la kumkataa kiongozi wao Ndabaningi Sithole, wakamtaja Robert Mugabe kuwa mtu wa kuwasemea. Kwa Musiba adui ni mkoloni, kaburu na vibaraka wao. Mgagao ugomvi ulikuwa wa wapiganaji na viongozi wao wenyewe. Hata kifo cha Chitepo kilidhaniwa kuwa hivyo. Tume iliyoundwa Zambia ilitoa ripoti mwaka 1976 ikiwatwika lawama wenzake wa ZANU, akiwemo kamanda wa ZANLA, Josiah Tongogara. Baadaye zikatoka simulizi zilizowataja majasusi wa Rhodesia. Mwandishi wa riwaya angelazimika kuchagua muuaji mmoja kabla ya ukurasa wa mwisho, na kesi hiyo bado inabishaniwa hadi leo.